Wazee wa Baraza Kinondoni na Temeke: Nani Aliketi, na kwa Nini

Tanzania Bara haikurithi utaratibu wa Kiingereza wa raia kumi na wawili wanaoamua hatia ya mshitakiwa. Utawala wa Uingereza ulileta Tanganyika utaratibu uliokwisha kutumika India, ambapo raia huketi pamoja na jaji na kutoa maoni yasiyomfunga. Hao ndio wazee wa baraza. Makala haya yanajenga hoja kwamba walioketi hawakupatikana kwa busara ya uzee pekee. Waliamuliwa na misamaha ya sheria na uwezo wa kuipoteza siku ya kazi.

Licha ya jina lao, Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya mwaka 1985 iliwataka watu wa miaka 21 hadi 60. Iliwasamehe viongozi wa dini, madaktari, mawakili, wanajeshi na polisi. Wajibu ukabaki kwa mkazi wa kawaida. Lakini mchuuzi wa Tandale au Tandika, anayekula alichouza siku hiyo, ni vigumu kufunga genge kwa ajili ya kesi ya mauaji. Aliye na kipato kisichotegemea mauzo ya kila siku huweza.

Uzito wa kauli nao ulitofautiana. Chini ya Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya mwaka 1984, washauri wa Mahakama ya Mwanzo walipiga kura pamoja na hakimu, na wengi walishinda. Mahakama Kuu, wazee walishauri tu.

Katika migogoro ya ardhi, sheria ya mwaka 2002 ilitaka Baraza la Kata liwe na wajumbe wanne hadi wanane, watatu wakiwa wanawake. Hivyo mwanamke alipata kiti kwa amri ya sheria. Katika maeneo kama Mbagala, ambako viwanja vingi viliuzwa kwa karatasi iliyoshuhudiwa na majirani, mjumbe aliyeijua mipaka alikuwa hazina. Ujirani huohuo uliweza pia kuzaa upendeleo.

Mwaka 2021 Mabaraza ya Kata yaliondolewa mamlaka ya kuamua, yakabakiwa na usuluhishi. Mwaka 2022 matumizi ya wazee Mahakama Kuu yakawa hiari ya jaji. Mabadiliko hayo yalipunguza sauti ya mkazi, kabla swali la nani ameachwa nje ya baraza halijajibiwa.