Tovuti iliyoijaza sinema: kisa cha Blair Witch

Leo nimeweka misimbo kando ili tuzungumze kuhusu sinema. Lakini usiondoke, kwa maana hadithi yenyewe ni ya tovuti. Mwaka 1999 filamu iliyorekodiwa msituni kwa siku 8, kwa pesa ambazo hazikufika dola 100,000, iliingiza karibu dola milioni 248 duniani kote. Jina lake ni The Blair Witch Project. Haikuwa na nyota yeyote, wala mlipuko, wala hata huyo mchawi mwenyewe haonekani. Kilichowatoa watu nyumbani wakapange foleni kilianza na kurasa chache za HTML.

Ili tuelewe ajabu hiyo, turudi nyuma kidogo.

Bango, trela, televisheni

Ndugu wawili wa Ufaransa, Auguste na Louis Lumière, walionyesha filamu zao kwa watu waliolipa kiingilio tarehe 28 Desemba 1895, kwenye Grand Café mjini Paris. Tangu siku za mwanzo hizo walikuwa na bango la kuvutia wapita njia, lililochora watu wakicheka mbele ya picha inayosonga. Trela ikaja baadaye, katika miaka ya 1910 huko Marekani. Jina lake kwa Kiingereza lina maana ya kitu kinachofuata nyuma, kwa sababu zamani ilionyeshwa baada ya filamu kwisha. Bila shaka unajua tatizo la mpango huo: filamu ikiisha watu huondoka. Trela ikahamishiwa mbele, jina likabaki lilelile.

Kisha mwaka 1975 ukaja Jaws, ile filamu ya papa. Kampuni ya Universal ilitumia takriban dola 700,000 kununua matangazo ya televisheni nchi nzima, ikafungua filamu kwenye majumba zaidi ya 400 siku moja. Kabla ya hapo filamu nyingi zilianzia miji mikubwa zikasambaa polepole, mtu akimwambia jirani. Jaws ilionyesha kwamba unaweza kuwapigia kelele watu wote wikendi moja, na tangu hapo studio kubwa zimeifuata njia hiyo.

Ukitazama vizuri, njia zote tatu zina umbo moja. Studio inazungumza, wewe unasikiliza. Na mwenye pesa nyingi ndiye mwenye sauti kubwa.

Tovuti kama kijitabu

Intaneti ilipofika, Hollywood iliitazama kama ukuta mwingine wa kubandika bango. Mfano maarufu ni tovuti ya Space Jam ya mwaka 1996, ambayo mpaka leo imehifadhiwa mtandaoni: mandharinyuma ya nyota, sayari ndogo za kubofya, na picha za kupakua. Ni tovuti ya kupendeza, lakini kazi yake ni ya kijitabu. Unaifungua, unatazama, unaifunga.

Kwa Star Wars Episode I mambo yalisogea kidogo. Trela yake ya kwanza ilipotoka Novemba 1998, kuna mashabiki waliokata tiketi ya filamu nyingine, wakatazama trela, wakaondoka. Machi 1999 trela ya pili iliwekwa kwenye mtandao kwa programu ya QuickTime, watu wakaipakua kwa modemu za simu wakisubiri dakika nyingi kwa video ndogo kama stempu ya posta. Hamu ilikuwa kubwa, lakini trela ilikuwa ileile ya sinema. Kilichobadilika ni bomba lililoileta.

Vijana wa Haxan

Daniel Myrick na Eduardo Sánchez walikutana wakisomea filamu katika Chuo Kikuu cha Central Florida. Wazo lao lilikuwa rahisi: wanafunzi watatu wanaingia msituni Maryland mwaka 1994 kurekodi habari za mchawi wa hadithi za kale, wanapotea, na kanda zao tu ndizo zinazopatikana. Mwezi Oktoba 1997 waliwapeleka waigizaji watatu msituni, wakawapa kamera na maelekezo machache, wakawaacha wabuni mazungumzo yao wenyewe. Waigizaji hao, Heather Donahue, Joshua Leonard na Michael Williams, walitumia majina yao halisi. Kumbuka jambo hilo, tutalirudia.

Kipande cha mradi huo kilionyeshwa katika kipindi cha televisheni cha John Pierson kiitwacho Split Screen, na watu wakaanza kuulizana mtandaoni kama ni kweli. Sánchez aliona mlango umefunguka. Mwaka 1998 alitengeneza tovuti mwenyewe.

Hapa ndipo mimi kama msanidi programu ninapovua kofia. Tovuti ile haikusema popote kwamba kuna filamu nzuri inakuja, tafadhali nunua tiketi. Ilikuwa faili la uchunguzi. Kulikuwa na orodha ya matukio kwa miaka, kuanzia mwanamke aliyetuhumiwa uchawi mwaka 1785. Kulikuwa na picha za vitu vilivyodaiwa kuokotwa na polisi, kurasa za shajara ya Heather, na wasifu wa wanafunzi waliopotea. Vitu vipya viliongezwa kidogo kidogo, kwa hiyo aliyeisoma jana alikuwa na sababu ya kurudi leo. Mashabiki wakafungua tovuti zao na orodha za barua pepe kabla filamu haijaonekana popote.

Januari 1999 filamu ilionyeshwa kwenye tamasha la Sundance, na huko mitaani zikabandikwa karatasi za kutafuta watu waliopotea zenye nyuso za wale watatu. Kampuni ya Artisan Entertainment iliinunua kwa kiasi cha dola milioni 1.1. Watu wa Artisan hawakuitupa tovuti ile wakaweka ya kijitabu. Waliipanua. Julai wakaongeza kipindi cha televisheni cha Sci-Fi Channel kilichosimuliwa kama makala ya habari za kweli.

Halafu wakafanya kinyume cha Jaws. Tarehe 14 Julai 1999 walianza na majumba machache tu, na wikendi ya kwanza ilikuwa majumba 27. Tiketi zikaisha, watu wakarudishwa mlangoni, na habari ya kurudishwa mlangoni ikawa tangazo jingine. Tarehe 30 Julai wakafungua kwenye majumba zaidi ya 1,000, na wikendi hiyo pekee ikaingiza takriban dola milioni 29.

Tusidanganyane, tovuti haikufanya yote peke yake. Artisan walimwaga mamilioni ya dola kwenye matangazo ya kawaida pia. Lakini matangazo hayo yalikuwa yanamwagilia mmea uliokwisha kuota.

Siri ilikuwa nini?

Nadhani ni hii: bango linakupa jibu, tovuti ile ilikupa swali. Ukiambiwa "filamu hii inatisha" unaweza kubisha. Lakini ukiokota mwenyewe kipande hiki hapa na kile pale, ukaunganisha, hitimisho linakuwa lako. Na mtu hutetea hitimisho lake, tena humsimulia mwenzake bila kulipwa.

Waliokuja baadaye waliichota siri hiyo kwa vikombe tofauti. Mwaka 2001, kwa filamu ya A.I. ya Steven Spielberg, kikundi kutoka Microsoft kilificha jina la Jeanine Salla kati ya majina ya watengenezaji kwenye bango na trela, likiambatana na cheo cha mtaalamu wa kutibu akili za mashine. Ukilitafuta jina hilo mtandaoni unatumbukia kwenye tovuti nyingi za dunia ya kubuni, zenye mafumbo magumu hivi kwamba maelfu walilazimika kuungana kuyafumbua.

Mwaka 2009 Paramount waliwaambia watu kuhusu Paranormal Activity, iliyorekodiwa kwa takriban dola 15,000: kama mnaitaka mjini kwenu, bofyeni muombe. Maombi yakifika milioni moja tutaifungua nchi nzima. Yakafika. Filamu ikaingiza zaidi ya dola milioni 190 duniani.

Lakini kelele za mtandao si tiketi. Mwaka 2006 filamu ya Snakes on a Plane ilishangiliwa kwenye blogu kuliko filamu nyingi za mwaka ule, hadi studio ikarudi kurekodi vipande vipya ili kuwaridhisha mashabiki. Ilipotoka Agosti, wikendi ya kwanza ilileta kiasi cha dola milioni 15 tu. Watu walikuwa wamefurahia jina na utani wake, na utani ulikuwa bure.

Hata Blair Witch yenyewe haikuweza kujirudia. Filamu ya pili ya mwaka 2000 haikupata hata robo ya mapato ya kwanza. Swali ambalo jibu lake limejulikana halimtoi mtu nyumbani.

Bili ililetwa kwa nani?

Sasa turudi kwa wale watatu. Ili udanganyifu usimame, ilibidi wasijitokeze hadharani kabla ya filamu kutoka. Hifadhidata ya filamu ya IMDb kwa muda iliwaandika kama watu waliopotea, wanaodhaniwa wamekufa. Mama yake Heather alipokea kadi za rambirambi, na binti yake yu hai.

Fikiria hali hiyo kwa mwigizaji. Filamu yako ndiyo inayozungumzwa kila mahali, nawe huwezi kusema "ni mimi" kwa sababu tangazo linakuhitaji ukiwa marehemu. Jina lako halisi ndilo chambo. Faida kubwa ilikwenda kwa kampuni. Wao walikwenda mahakamani kuhusu matumizi ya majina na sura zao, kesi ikamalizwa kwa makubaliano mwaka 2004. Na bado haikuwa mwisho. Aprili 2024, baada ya Lionsgate, wenye haki za filamu hiyo sasa, kutangaza toleo jipya, wale watatu waliandika barua ya wazi wakiomba malipo ya haki kwa kazi ya 1999 na kushauriwa kila majina au sura zao zinapotumika kutangaza. Miaka 25 baadaye, bado wanadai majina yao.

Ninapenda sana ufundi wa tovuti ya Sánchez, na ningejivunia kuijenga. Lakini sisi tunaojenga tovuti tumezoea kuona watu kama safu kwenye jedwali. Jina, tarehe ya kuzaliwa, hali. Kubadilisha "hai" kuwa "amepotea" ni mstari mmoja wa msimbo, na seva hailalamiki. Anayelalamika ni mama anayefungua bahasha ya rambirambi. Leo, wakati programu inaweza kuiga sauti na uso wa mtu kwa dakika chache, mstari huo umekuwa mwepesi zaidi kuandika.

Kwa hiyo siku mteja atakapokuja kwako akitaka tangazo "lisambae kama Blair Witch", msikilize, kazi ni kazi. Ila kabla hujafungua kihariri chako, muulize: jina la nani tunalitumia, ameridhia nini, na atalipwa nini likisambaa kweli?

Wewe ungejibu vipi?