Tuzo, Ruzuku na Mwenye Kuhukumu

Kiswahili kina maneno mawili kwa fedha anayopewa msanii, na kila moja lina ukoo wake. Tuzo ni ndugu wa kutuza, au kutunza kama wengi wasemavyo: kile kitendo cha ukumbi wa taarabu, shabiki anapoinuka, akasogea kwa madaha hadi mbele na kumwachia mwimbaji noti. Ruzuku ni ndugu wa riziki. Hayo mawili, ruzuku na riziki, yamechipuka kwenye mzizi mmoja wa Kiarabu. Tuzo huja wimbo ukishaimbwa. Ruzuku huja kabla, wakati wimbo ungali nia na karatasi. Mwenye kutunza hutoa chake kwa alichokisikia. Mhakiki wa maombi ya ruzuku hugawa fedha ya wote kwa kitu ambacho hakuna aliyekisikia bado.

Nchini Marekani, mzigo huo wa kupima ahadi hubebwa kwa sehemu kubwa na raia. Mabaraza ya sanaa ya majimbo na miji hualika watu kujitolea kuwa wahakiki: mwalimu wa muziki, mchoraji, mkutubi, mkaguzi wa hesabu apendaye maigizo. Kila mmoja hupewa fungu la maombi, kila ombi na maelezo yake, bajeti yake na vielelezo vya kazi zilizotangulia. Huyasoma nyumbani baada ya kazi, akayapa alama kwa vigezo vilivyotangazwa, kisha jopo hukutana kujadili. Aliye na undugu au biashara na mwombaji hutangaza mgongano wa maslahi na kukaa kando. Baadhi hupata posho ndogo. Wengine hawapati kitu. Hata National Endowment for the Arts, shirika la serikali kuu lililoanzishwa kwa sheria ya 1965, linatakiwa kuweka katika majopo yake mtu anayeijua sanaa lakini asiyeifanya kuwa kazi yake. Wajuzi wanaaminiwa, ila hawaachwi peke yao.

Athens ya kale ilikuwa na ruzuku na tuzo katika sherehe moja. Kwa tamasha la Dionysia, afisa wa mji aliyeitwa arkoni alichagua washairi watatu wa tanzia na kuwapa kila mmoja kwaya. Raia tajiri alipewa jukumu la kugharimia mazoezi na mavazi. Hiyo ndiyo ruzuku: ahadi ilipimwa, fedha ikatoka. Tamasha lilipofika, tuzo ilitolewa na watu wengine kabisa. Majina ya raia yaliwekwa katika vyungu 10 vilivyotiwa mihuri, chungu kimoja kwa kila kabila la mji. Likachomolewa jina moja katika kila chungu, na hao 10 wakawa waamuzi. Inaelezwa kwamba hata kura zao hazikuhesabiwa zote: 5 zilichomolewa kwa bahati na hizo ndizo zilizoamua.

Hapo njia mbili zinaachana. Mmarekani humtafuta mhakiki mwenye ujuzi, akamwomba aeleze sababu za alama zake. Mwathens aliogopa hongo kuliko ujinga, akaliachia bahati jambo ambalo sisi tungelifanyia usaili. Mwanafalsafa Plato hakupendezwa: katika kitabu chake cha Sheria alilalamika kwamba waamuzi wa maonyesho walitawaliwa na makelele ya hadhira. Kweli, mwaka 431 KK mshairi Euripides alishika nafasi ya mwisho kati ya watatu, na miongoni mwa tamthilia alizoleta mwaka huo ilikuwamo Medea, ambayo dunia ingali inaiigiza. Lakini kosa hilo lisitufanye tuudharau utaratibu mzima. Mkulima wa Athens aliyechomolewa jina lake asubuhi hakuwa na muda wa kuhongwa wala deni kwa mshairi yeyote.

Wasukuma, kusini mwa Ziwa Victoria, wamekwenda mbali zaidi: wamemwondoa mwamuzi. Vyama vya ngoma huko hujipanga chini ya kambi mbili za tangu enzi za mababu, Bagika na Bagalu. Msimu wa mavuno ukipita, vikundi viwili vya kambi pinzani hucheza uwanja mmoja, saa ileile, kila kimoja upande wake. Mshindi ni aliyevuta umati mkubwa zaidi. Mtazamaji hatoi alama wala sababu, hutembea tu. Akichoshwa na upande huu, huvuka kwenda ule, na miguu yake imekwisha piga kura. Ndiyo maana wachezaji hubuni bila kukoma, chatu mabegani au jembe mkononi, na ndiyo maana kila kambi hujiandaa kwa dawa, ya kuvuta watu na ya kujikinga na ya wapinzani.

Tukiziweka pamoja mila hizi, tunaona kila moja ina kinga dhidi ya kile inachokihofia. Athens ilitia vyungu mihuri. Mmarekani hujaza fomu ya mgongano wa maslahi. Msukuma huchanja dawa. Na hofu kubwa zaidi ya Marekani, kama ilivyo ya Uingereza iliyounda Baraza la Sanaa mwaka 1946 na kulitenga kwa makusudi na mikono ya mawaziri, ni mkono wa mwanasiasa. Hofu hiyo ina sababu. Mwaka 1990 mwenyekiti wa National Endowment for the Arts alikataa kuwapa ruzuku wasanii wanne wa maonyesho, ilhali jopo lilikuwa limewapendekeza. Kesi iliyofuata, ikiwa na jina la mmoja wao, Karen Finley, ilifika Mahakama ya Juu ya nchi hiyo, nayo mwaka 1998 ikakubali kwamba sheria inaweza kulitaka shirika lizingatie viwango vya staha ya jumla. Jopo, basi, hupendekeza. Neno la mwisho liko kwingine.

Kila njia pia ina anayemwacha nje. Uwanja wa Usukuma hauulizi kama mcheza ngoma anajua kuandika, lakini humtaka awe amejilisha mwenyewe miezi yote ya mazoezi, tena haumsubiri mwenye sanaa ya taratibu, ya kusikilizwa na watu kumi. Jopo humsubiri huyo, humlipia hata miezi ya kujaribu na kushindwa. Lakini humpenda ajuaye kutunga maombi, na kutunga maombi ni fani nyingine kabisa na kupiga zeze. Tanzania leo inajaribu njia ya tatu: Mfuko wa Utamaduni na Sanaa huwapa wasanii mikopo. Mkopo nao una swali lake, nalo ni kama fedha itarudi. Ni swali la haki, ila si jopo wala umati uliowahi kuliuliza.

Kwa maoni yangu, ruzuku inabaki njia bora kwa sanaa ambayo soko na umati havina subira nayo, mradi wahakiki wake wakumbuke kwamba wanahukumu kwa niaba ya watu ambao wangeweza kutembea. Ukialikwa kwenye jopo kama hilo, popote ulipo, kubali. Ombi lililoandikwa vibaya lisome mara mbili, na kabla ya kuandika alama, isikilize kwanza rekodi ya ngoma yenyewe.