Ufalme wa Mungu: Umekwisha kuja au ungali njiani?

Wakristo wa takriban madhehebu yote huomba, kupitia Sala ya Bwana, kwamba ufalme wa Mungu uje. Ombi ni moja, ila waombaji hawaafikiani kuhusu wakati wa jambo wanaloliomba. Wapo wanaosadiki kwamba ufalme huo ulianza Yesu alipohubiri Galilaya. Wengine wanaungojea siku ya kurudi kwake. Wengine nao hutaja mwaka mahsusi ambao, kwa imani yao, ulisimikwa mbinguni.

Huu si ubishi wa wasomi pekee. Muumini anayeamini kwamba serikali ya Mungu itaanza mwezi ujao hatapanda mahindi wala kumlipia mtoto karo kama jirani yake anayeamini kwamba siku hiyo haijulikani.

Chanzo cha tofauti hizi ni Biblia yenyewe. Katika Injili ya Marko, Yesu anaanza kazi yake kwa kutangaza kwamba ufalme umekaribia. Katika sura ya 17 ya Luka, anawaambia Mafarisayo kwamba tayari upo, ingawa neno la Kigiriki lililotumika hapo laweza kufasiriwa kuwa umo ndani ya watu au u kati yao. Hata hivyo, katika karamu ya mwisho anauzungumzia kama jambo lijalo. Nao mitume, katika sura ya kwanza ya Matendo, wanapouliza iwapo wakati wa kuirejeshea Israeli ufalme umewadia, wanajibiwa kwamba si juu yao kujua majira.

Kisha ipo sura ya 20 ya Ufunuo wa Yohana, inayosimulia jinsi Shetani anavyofungwa kwa miaka 1,000 huku watakatifu wakitawala pamoja na Kristo. Utawala wa muda huo hautajwi kwingineko katika Agano Jipya, lakini sura hiyo moja ndiyo iliyowagawanya Wakristo kuliko nyingine yoyote kuhusu suala hili.

Katika karne ya 2, Justin Shahidi na Irenaeus waliisoma kama ilivyo: Kristo atarudi, kisha atatawala hapa duniani kwa miaka hiyo. Justin, kwa uungwana ambao si wengi waliomfuata wameuiga, alikiri kwamba walikuwako Wakristo wengi wa imani safi wasiokubaliana naye.

Augustine, askofu wa Hippo katika nchi ambayo leo ni Algeria, aliwahi kuwa na maoni kama hayo kabla ya kuyaacha. Katika kitabu chake kuhusu Mji wa Mungu, alichokiandika kati ya 413 na 426, alifundisha kwamba miaka 1,000 ni ishara ya kipindi chote cha kanisa, na kwamba utawala huo ulikwisha anza. Fasiri hiyo ndiyo iliyotawala kanisa la Magharibi kwa karne nyingi, na Walutheri, Waanglikana na Wapresbiteri wengi waliirithi. Katekisimu ya Kanisa Katoliki ya 1992 inakataa dai kwamba ufalme utakamilika ndani ya historia ya dunia hii. Wakatoliki huadhimisha sikukuu ya Kristo Mfalme, iliyoanzishwa na Papa Pius XI mnamo 1925, lakini wiki moja tu baadaye huingia Majilio, majira ya kungoja.

Wengine, mathalani mhubiri wa Marekani Jonathan Edwards aliyefariki 1758, walitarajia Injili ienee hadi dunia yote iwe njema, ndipo Kristo aje. Matumaini hayo yaliwapa ari wamishonari wengi. Vita vya Kwanza vya Dunia viliyafifisha mno.

Mahubiri ya kunyakuliwa kwa kanisa kabla ya dhiki kuu, ambayo husikika sana katika makanisa ya Kipentekoste nchini Kenya, yana asili nyingine. Yalienezwa na John Nelson Darby, aliyekuwa kasisi nchini Ireland katika karne ya 19, kisha yakasambaa kupitia Biblia yenye maelezo ya Scofield iliyochapishwa 1909.

Waliothubutu kutaja tarehe ndio waliolipa gharama kubwa zaidi. William Miller, mkulima wa Marekani, alisoma kuhusu siku 2,300 katika kitabu cha Danieli, akazihesabu kuwa miaka kuanzia 457 kabla ya Kristo, akafikia 1843. Mwaka huo ulipopita bila tukio, wafuasi wake walishikilia Oktoba 22, 1844. Baadhi ya wakulima waliacha mazao yao shambani bila kuvunwa. Siku hiyo nayo ikapita.

Miongoni mwa waliobaki wakilia ndiko lilikoibuka kanisa la Waadventista Wasabato, lililoundwa rasmi 1863 na kufika Gendia, karibu na Kendu Bay, mnamo 1906. Waadventista hufundisha kwamba mwaka wa 1844 ulikuwa sahihi, ila tukio lilikuwa mbinguni, ambako Kristo alianza awamu mpya ya kazi yake ya ukuhani. Kwao, miaka 1,000 itapitishwa mbinguni huku dunia ikiwa ukiwa. Hawataji tena tarehe ya kurudi kwake.

Mashahidi wa Yehova nao huhesabu miaka 2,520 kuanzia 607 kabla ya Kristo, mwaka ambao wanasema Yerusalemu iliangamizwa, na kufikia 1914. Wanahistoria kwa jumla huweka maangamizi hayo katika 587 au 586. Charles Taze Russell, mwanzilishi wa kundi hilo, alikuwa ametarajia serikali za wanadamu zikome mwaka huo. Hazikukoma, na fundisho la sasa ni kwamba Kristo alianza kutawala mbinguni bila kuonekana.

Tarehe hiyo ilifika Afrika kabla haijatimia. Katika Nyasaland, ambayo leo ni Malawi, Elliot Kamwana alibatiza maelfu ya watu mnamo 1908 na 1909 akihubiri kwamba 1914 ingeleta mwisho wa ukoloni na kodi zake. Wakuu wa serikali walielewa upesi maana ya ufalme wa namna hiyo, wakamfukuza nchini 1909.

Mengine yaliishia kwenye mauti. Mnamo Machi 17, 2000, mamia ya waumini waliteketea kanisani Kanungu, Uganda, baada ya utabiri wa mwisho wa dunia kukosa kutimia. Mwaka wa 2023, zaidi ya miili 400 ilifukuliwa katika msitu wa Shakahola, Kaunti ya Kilifi, ambako waumini waliambiwa wafunge hadi kufa ili wakutane na Yesu.

Wanatheolojia wengi siku hizi huunganisha pande mbili za maandiko. Oscar Cullmann, katika kitabu cha 1946, aliufananisha ufalme na vita ambavyo pigano la kuamua mshindi limekwisha, ilhali silaha hazijawekwa chini.

Mkenya John Mbiti, mzaliwa wa Kitui aliyefariki 2019, aliuliza swali tofauti kabisa. Alidai kwamba fikra za jadi za Kiafrika hugawa wakati katika mafungu mawili, akayapa majina ya Kiswahili: Sasa na Zamani. Wakati ujao wa mbali, alisema, haukuwa na nafasi. Katika kitabu chake cha 1971 alichunguza jinsi Wakamba walivyopokea mahubiri ya wamishonari kuhusu siku za mwisho, akaona kwamba walizichukua ishara kama vitu halisi vilivyo karibu kutukia. Wengi walimpinga, akiwemo mwanafalsafa wa Ghana Kwame Gyekye, aliyesema kwamba Waakan wana dhana kamili ya wakati ujao.