Tiba ya muda mfupi ya kifua kikuu (Afrika Mashariki)

Tiba ya muda mfupi ya kifua kikuu ni matibabu ya mseto wa dawa yanayoponya ugonjwa huo kwa takriban miezi 6 badala ya 18. Msingi wake uliwekwa na majaribio ya hospitali za Afrika Mashariki pamoja na Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza. Matokeo ya kwanza, ya mwaka 1972, yalionyesha kuwa rifampisini au pirazinamidi, ikiongezwa kwenye streptomaisini na isoniazidi, hupunguza sana idadi ya wanaougua tena.

Mwaka 1977 Tanzania ilianzisha Mpango wa Taifa wa Kudhibiti Kifua Kikuu na Ukoma, ukishauriwa na daktari Karel Styblo. Upimaji wa makohozi kwa hadubini, usimamizi wa umezaji dawa na rejesta za wilaya vilikuja kuwa kielelezo cha mkakati wa DOTS (tiba ya muda mfupi inayotolewa chini ya usimamizi wa moja kwa moja) wa Shirika la Afya Duniani miaka ya 1990.

Mkoani Mara, nchini Tanzania, wachimbaji wadogo wa dhahabu wa Tarime wamo hatarini zaidi kupata kifua kikuu, kwani vumbi la silika hudhoofisha kinga ya mapafu. Kikohozi cha wiki 2 au zaidi chahitaji kipimo.