Amri na Elimu: Historia ya Matuta ya Usambara na Suala la Mtandao Shuleni

Kada anayetaka kuelewa kwa nini umma huikubali au kuikataa teknolojia mpya hana haja ya kwenda mbali. Historia ya milima ya Usambara inatosha.

Wajerumani, walioiita Lushoto Wilhelmstal, waliunda mwaka 1902 taasisi kubwa ya utafiti wa mimea na kilimo huko Amani, Usambara Mashariki. Utaalamu wake ulikusudiwa kwanza kuwanufaisha walowezi. Mwafrika aliingia pale kama kibarua. Wasambaa walikuwa na ujuzi wao wenyewe: migomba iliyochanganywa na mazao mengine, mifereji ya kumwagilia, na mashamba ya mlimani yakisaidiana na ya nyikani ili upande mmoja ukikumbwa na njaa, wa pili uokoe. Ujuzi huo mkoloni hakuuhesabu kuwa ujuzi.

Mwaka 1946 Waingereza walianzisha mpango wa kuhifadhi ardhi katika bonde la Mlalo, na baadaye ukaenezwa sehemu nyingine za Usambara. Tukubali ukweli: mmomonyoko wa udongo ulikuwapo, na wataalamu hawakuubuni. Lakini hawakutaka kusema kwamba mashamba ya walowezi na misitu ya Serikali vilikuwa vimewabana wakulima katika ardhi ndogo. Dawa yao ilikuwa amri. Mashamba ya miteremkoni yachimbwe matuta, na penye mteremko mkali mno pasilimwe mazao ya msimu. Asiyetii alitozwa faini au alifungwa. Mzigo wa jembe uliwaangukia zaidi wanawake, ambao hakuna aliyewauliza lolote. Wengi walishuku kwamba shamba likishatengenezwa vizuri litachukuliwa na Mzungu. Kwa watu waliokuwa wakiyaona mashamba ya walowezi ng'ambo ya bonde, hiyo haikuwa hofu ya kijinga.

Wasambaa huupima utawala kwa semi mbili: kuzifya shi, yaani kuiponya nchi, na kubana shi, kuiharibu. Kwa kipimo hicho, mtaalamu aliyejidai kuiponya nchi alionekana kuwa miongoni mwa waharibifu wake. Chuki dhidi ya matuta ikakutana na harakati za TANU, iliyozaliwa mwaka 1954, na kabla ya Uhuru mpango ukatelekezwa.

Mwaka 1981 ulianza Lushoto mradi mwingine wa kuzuia mmomonyoko, SECAP, kwa msaada wa Ujerumani Magharibi. Ulikuwa na kasoro zake, lakini miongoni mwa mambo uliyoyahimiza ni kupanda majani ya Guatemala na miti kwa mistari inayokata mteremko. Majani yaleyale yaliyoshika udongo yalimlisha ng'ombe bandani, na faida hiyo mkulima aliiona kwa macho yake. Mteremko ulikuwa uleule wa mwaka 1946.

Haitoshi kuwalaumu wakoloni. Mwaka 1974 Serikali yetu ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Sababu zilikuwapo: fedha za kigeni zilikuwa adimu, na jaribio la kutumia mashine hizo katika hesabu za Serikali lilikuwa limekwenda vibaya. Lakini Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967 ilitaka kijana aelewe mazingira yake na kuyatawala, na Mwongozo wa 1971 ukawakemea viongozi wanaoamuru bila kusikiliza. Marufuku ilipoondolewa miaka ya 1990, mashine ziliingia kwa kasi kuliko walimu wa kuzifundisha. Nchi ilikuwa imejifunza kuikataa kompyuta; kuitawala haikujifunza.

Sasa chombo chenyewe kiko mfukoni. Mkulima wa Soni au Mlalo anaulizia bei ya kabichi kwa simu, na kwa simu hiyohiyo anapokea ujumbe wa tapeli unaomwambia ile hela aitume kwenye namba hii. Mwanawe anaishika simu hiyo jioni. Shuleni, katika sehemu nyingi, jibu letu ni moja: simu ni marufuku, na ikikamatwa inataifishwa. Nidhamu ya darasani inahitaji kanuni, sibishani na hilo. Ninachohoji ni kuiita kanuni hiyo elimu ya usalama.

Tuchukue mfano wa msichana wa kidato cha pili aliyemtumia picha mtu aliyejifanya rafiki, na sasa anatishiwa kwamba zitasambazwa asipotuma nyingine. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inazuia ponografia ya watoto na unyanyasaji wa mtandaoni. Kwa hiyo sheria iko upande wake. Lakini ili amwambie mwalimu, hana budi kwanza kukiri kwamba alikuwa na simu. Kanuni ya shule imemfanya mhalifu kabla hajasikilizwa, kama amri ya matuta ilivyomfanya mama wa Mlalo mhalifu shambani mwake. Atanyamaza, na anayemtishia anautegemea unyamavu huo.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ya bodi ya shule na kamati ya wazazi inaweza kufanyika hata pasipo kompyuta moja: kutamka mbele ya wanafunzi wote kwamba anayeleta habari ya kutishiwa hataadhibiwa kwa kosa la simu, na kumtaja mwalimu, mwanamke na mwanamume, wa kupelekewa habari hiyo. Somo la kulinda neno la siri na la kumtambua tapeli lifuate hapo, na wazazi waitwe kulisikiliza pamoja na watoto wao, kwa kuwa simu ni ya mzazi.