Asili ya Neno Ushuru

Maneno ni kama sarafu. Hupita mkono hata mkono mpaka chapa yake ikafutika, na mwenye kuipokea akajua thamani yake tu, asijue ilipigwa wapi. Ushuru ni mojawapo ya maneno hayo. Wewe, msomaji, hulisikia kila mwezi wa Juni Waziri wa Fedha asomapo bajeti Bungeni, na hulisikia dukani bei zipandapo. Aghalabu hudhaniwa kuwa maana yake ni fedha tu zichukuliwazo na serikali. Lakini hapo mwanzo neno hili lilikuwa hesabu.

Ushuru limetoka katika Kiarabu, na maana yake ya asili ni sehemu moja ya kumi. Jamaa zake unao tayari katika Kiswahili. Ashara ni kumi. Kwa hiyo watu wa pwani husema edashara kwa kumi na moja, na thenashara kwa kumi na mbili. Ishirini, unayoitaja kila siku, ni ya ukoo huohuo. Ashura nayo ni siku ya kumi ya Mfunguo Nne. Hata Kiebrania, kilicho ndugu wa Kiarabu, kina neno la mzizi huo kwa lile fungu la kumi linalotajwa katika Torati.

Zingatia sasa jinsi hesabu hiyo ilivyotumika. Katika sheria ya Kiislamu, mkulima ambaye shamba lake hunyweshwa na mvua hutoa sehemu moja ya kumi ya mavuno. Yule alimwagiliaye shamba lake kwa taabu na gharama hutoa nusu ya hiyo, yaani moja katika ishirini. Kiasi hufuata mavuno, na taabu ya mkulima hutiwa katika hesabu. Baadaye jina hili liliingia katika biashara. Inasimuliwa kwamba Khalifa Umar bin Khattab, aliyetawala kuanzia mwaka 634 hadi 644, aliweka malipo juu ya bidhaa za wafanyabiashara wapitao mipakani. Mgeni kutoka nchi za nje alitozwa moja ya kumi, raia asiye Mwislamu nusu yake, na Mwislamu robo yake. Hivyo jina la sehemu ya kumi likaanza kuwaita hata wale wasiolipa sehemu ya kumi.

Kwa njia ya biashara neno hili liliota mizizi katika pwani yetu, likakaa pamoja na neno forodha, mahali bidhaa zinaposhushwa na kukaguliwa. Mpaka leo kiko kiwanja mjini Unguja kiitwacho Forodhani. Mwaka 1833 Seyyid Said alifanya mkataba na Marekani. Mkataba huo ulisema kwamba merikebu za Kimarekani zitalipa 5 katika kila mia ya shehena zitakayoteremsha, wala hazitatozwa zaidi. Hesabu ilikuwa imeshuka hata nusu ya sehemu ya kumi, lakini iliandikwa, na kila nahodha aliijua.

Hata hivyo, kilichojulikana kwa nahodha hakikujulikana kwa kila mtu. Seyyid Said aliikodisha forodha. Mfanyabiashara mmoja alimlipa mtawala kiasi walichoagana kwa mwaka, kisha akatoza ushuru mwenyewe, na kilichozidi kikawa faida yake. Jairam Shivji, aliyekuwa na asili ya Kachi katika Bara Hindi, aliishika kazi hiyo kwa miaka mingi. Kiwango kilikuwa wazi, lakini jumla ya makusanyo ilibaki katika daftari za mfanyabiashara.

Bara mambo yalikuwa magumu zaidi. Mwaka 1901 serikali ya Kiingereza ilianza kutoza kodi ya nyumba katika himaya yake, ambayo leo ni Kenya. Kodi hiyo haikuuliza shamba limezaa nini, wala mvua imenyesha au haikunyesha, ilihesabu nyumba. Mwaka 1910 ikaongezwa kodi ya kichwa kwa wanaume wasio na nyumba. Ilikuwa lazima mtu apate fedha, na wengi walizipata kwa kwenda kufanya kazi ya ujira katika mashamba ya walowezi. Hilo nalo lilikuwa miongoni mwa makusudi ya kodi hizo. Tofauti yake na sehemu ya kumi ni kubwa. Sehemu ya kumi ya mavuno mabaya ni ndogo. Rupia za nyumba hazikupungua kwa sababu ya njaa.

Siku hizi kazi ya kukusanya fedha hizo ni ya Mamlaka ya Ushuru ya Kenya, iliyoanzishwa mwaka 1995. Wewe mwenyewe ni mlipaji, ijapokuwa hujaajiriwa. Ukinunua kitu kinachotozwa ushuru wa ziada ya thamani kwa kiwango cha kawaida, shilingi 100 za bei huongezwa shilingi 16. Tajiri na maskini hulipa hizo 16 sawasawa dukani, lakini haziwi na uzito mmoja mifukoni mwao. Ndipo linaporudi swali la shamba la mvua na shamba la kumwagilia.

Katiba ya mwaka 2010 inasema kwamba hakuna kodi itakayotozwa ila kwa sheria, kwamba mzigo wake ugawanywe kwa haki, na kwamba mambo ya fedha za umma yaendeshwe kwa uwazi na kwa kuwashirikisha wananchi. Maandishi hayo ni mema, lakini hayajilindi yenyewe. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Basi, usikiapo neno ushuru, lirudishie hesabu yake ya asili. Uliza: Ni sehemu gani? Ni sehemu ya kitu gani? Nayo imekwenda wapi? Raia aulizaye maswali hayo matatu hajakataa kulipa. Anatimiza nusu ya pili ya wajibu wake.