Wawekwe Wapi? Nakuru na Mvutano wa Kiwanja cha Msaada

Siku moja kabla ya Krismasi ya 1994, maofisa wa serikali na polisi wa utawala waliingia Maela, magharibi ya Ziwa Naivasha, wakaibomoa kambi ya watu waliofurushwa Enoosupukia mwaka uliotangulia. Watu wapatao 2,000 walipakiwa kwenye malori na kuvushwa hadi Mkoa wa Kati. Wengine walishushwa katika uwanja wa michezo wa Kirigiti pale Kiambu, wengine Ol Kalou na Ndaragwa. Wengi wao walikuwa wameishi Bonde la Ufa miaka mingi, na huko walikopelekwa hawakuwa na shamba wala jamaa wa kuwapokea.

Watu wa Maela walikuwa wakilishwa na Kanisa Katoliki pamoja na mashirika ya misaada. Hakuna aliyesimama hadharani kusema waachwe wafe njaa. Kilichobishaniwa ni mahali: kwa nini hapa, kwa nini karibu na sisi, kwa nini wasiende kwao. Mtu akiipekua historia ya Nakuru na majirani zake, Naivasha, Gilgil, Njoro, Molo na Mau Narok, atalikuta swali hilo likirudi kila kizazi, kila mara na wahusika wapya. Moyo wa kutoa haujakosekana katika sehemu hii ya nchi. Kiwanja ndicho kigumu.

Mabishano ya kwanza makubwa yalizuka kabla Nakuru haijawa mji wa maana. Mwaka 1903 waziri wa makoloni wa Uingereza, Joseph Chamberlain, alipendekeza Wayahudi waliokuwa wakiuawa na kuteswa Urusi wapewe hifadhi katika nyanda za Uasin Gishu. Kwa watu waliokuwa wakikimbia mauaji, hiyo ilikuwa ahadi kubwa. Kwa walowezi wa Kizungu waliokuwa wameanza kuja na reli, ilikuwa uvamizi. Walifanya mikutano Nairobi, wakatuma simu London, na gazeti la African Standard likawaunga mkono. Aliyekuwa mstari wa mbele ni Lord Delamere, ambaye kipindi hichohicho alikodishwa ekari 100,000 kandokando ya Njoro. Mtu mwenye ekari laki moja alilalamika kwamba nafasi ingekwisha.

Ujumbe wa watu watatu ulitumwa na Wazayuni, Wayahudi waliokuwa wakitafuta nchi ya watu wao, kukagua nyanda hizo, ukafika mwanzoni mwa 1905, na baadaye mwaka huo mkutano wao mkuu ukalikataa pendekezo. Miaka mitatu tu ikapita. Mwaka 1908 Makaburu kutoka Afrika Kusini, wakiongozwa na Jansen van Rensburg, waliteremka Mombasa, wakapanda gari moshi hadi Nakuru, wakafunga ng'ombe kwenye mikokoteni na kuelekea Uasin Gishu ileile. Mara hii walowezi hawakupiga kelele. Ardhi ilikuwa bado inatosha. Kilichobadilika ni nani angekuwa jirani.

Katika mabishano hayo yote, wenyeji hawakuulizwa neno. Agosti 1904, wakati walowezi wangali wakilumbana na London juu ya Wayahudi, serikali ya kikoloni ilitia saini mkataba na viongozi wa Wamaasai, Olonana akiwa mmoja wao, na kwa mkataba huo Wamaasai wakaondolewa katika malisho yao ya Naivasha na Nakuru ili reli na mashamba ya Wazungu yapate nafasi. Mji uliokua juu ya ardhi hiyo ulipangwa kwa rangi. Wazungu walikaa Milimani, juu kuelekea Menengai. Wahindi walikuwa karibu na maduka. Waafrika walitengewa Bondeni na vitongoji vya chini. Kwa hiyo hata kabla ya kubishania makao ya mayatima au kituo cha wagonjwa, Nakuru ilikuwa imeshafundishwa kwamba kila aina ya mtu ina upande wake wa mji, na kwamba mwenye mamlaka ndiye anayechora mpaka.

Somo hilo lilirudiwa mwaka 1938. Wayahudi wa Ujerumani walikuwa wakitafuta nchi yoyote ya kukimbilia, na jina la Kenya likatajwa tena. Walowezi walikubali wachache, wawe wakulima, waje polepole. Mwaka uliofuata amri ya serikali ya Uingereza ikaziweka Nyanda za Juu rasmi kuwa eneo la Wazungu. Mmoja wa waliopenya ni mtoto wa miaka mitano, Stefanie Zweig, ambaye baba yake alipata kazi ya kusimamia shamba Rongai. Mtoto huyo alisomea bweni katika Shule ya Nakuru, akajua Kiswahili, na mwaka 1995 akachapisha kitabu juu ya maisha hayo. Filamu iliyotokana nacho ilishinda tuzo ya Oscar mwaka 2003. Watazamaji wengi waliipenda kwa mandhari yake, lakini ndani yake mna familia iliyonusurika kwa sababu lango la Nakuru lilifunguliwa kidogo tu, kisha likafungwa.

Baada ya Uhuru mashamba ya Wazungu yalinunuliwa na makampuni na vyama vya ushirika, na watu wa makabila mengi wakawa majirani kuanzia Molo hadi Gilgil. Ujirani huo ulitikiswa mwaka 1991, siasa za vyama vingi zilipokaribia. Molo, Olenguruone na Burnt Forest ziliwaka moto. Oktoba 1993 ikawa zamu ya Enoosupukia, katika milima ya Narok, ambako maelfu walifukuzwa kwa hoja kwamba walikuwa wakiharibu chemchemi za maji. Walishuka hadi Maela, na Maela ikawa kambi.

Yafaa kuitazama hoja iliyotumika kuivunja kambi ile, kwa sababu bado husikika kwenye vikao vya mitaa. Maofisa hawakukataa kwamba wamo waliodhulumiwa. Walisema wengi si wa kweli. Ni watu wa nje waliokuja kufuata chakula cha bure na ploti. Basi wa kweli wakachujwa, familia zipatazo 200 zikapewa ardhi Moi Ndabi, na waliosalia wakaambiwa warudi walikotoka mababu zao. Ni hoja yenye nguvu kwa sababu inampa msemaji nafasi ya kuwa mkarimu na mkali kwa pumzi moja. Anayeitumia hasemi "simtaki maskini." Anasema maskini huyu si wetu. Wakati huohuo, Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa, UNDP, lilikuwa likiendesha pamoja na serikali mpango wa kuwarudisha waliofurushwa makwao, na mpango huo haukuyazuia malori ya Maela.

Kisha ikaja 2008. Ghasia za baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 ziliua zaidi ya watu 1,100 nchini na kuwaondoa zaidi ya 600,000 katika makazi yao. Mwishoni mwa Januari vita vilifika Nakuru mjini, kisha Naivasha, ambako watu 19 walichomwa ndani ya nyumba moja. Waliotoroka Eldoret, Burnt Forest na Kericho walikuwa wamekwisha kujaza Uwanja wa Maonyesho ya Kilimo wa Nakuru, na wengine walilala Afraha, uwanja wa mpira. Msalaba Mwekundu wa Kenya ulipanga mahema kwa safu pale wakulima walipozoea kuonyesha ng'ombe wa maziwa.

Wakazi wa Nakuru walitoa. Walibeba mablanketi, unga, sufuria na nguo za watoto, na makanisa na misikiti yakafungua malango. Anayeandika historia ya mji huu hana haki ya kulipunguza jambo hilo, kwa maana mji wenyewe ulikuwa umejeruhiwa na ulitoa kwa mikono inayotetemeka. Lakini uwanja wa maonyesho ni wa maonyesho, na uwanja wa mpira ni wa mpira. Wiki zikageuka miezi, na swali likarudi: watakaa hapa mpaka lini?

Mei 2008 serikali ilianzisha Operesheni Rudi Nyumbani. Kila familia iliahidiwa shilingi 10,000 za kuanzia maisha, na 25,000 kwa aliyechomewa nyumba. Malori yalirudi tena, safari hii yakiwapeleka watu mashambani kwao, wengi wao kwa hofu. Hapo ndipo baadhi ya wakimbizi wa ndani walipofanya jambo ambalo serikali haikulipangia. Walikataa kupanda. Waliunda vikundi, wakachanga zile shilingi 10,000, wakatafuta mwenye shamba aliye tayari kuuza, na wakanunua. Hivyo ndivyo ilivyozaliwa kambi ya Pipeline kando ya barabara kuu ya Nakuru kwenda Nairobi, na Mawingu upande wa Nyandarua, na Vumilia Eldoret pale Maai Mahiu, jina linalosema wenyewe walikotoka.

Ploti zilikuwa ndogo mno, kiasi cha kutosha hema na njia ya miguu. Maji hayakuwepo, wala shule. Katika hesabu za mashirika, makazi hayo hayakuitwa kambi bali vikundi vya kujisaidia, na kwa muda mrefu tofauti hiyo ya daftarini ilifanya misaada iwafikie kwa shida. Hata hivyo jambo moja lilikuwa limebadilika kuliko yote. Maela walikuwa wageni wa kanisa, na kanisa halikuweza kuwalinda. Maonyesho walikuwa wageni wa uwanja. Pipeline walikuwa wenye ardhi. Jirani angeweza kunung'unika juu ya moshi, vyoo na watoto wengi, lakini hakuweza kuitisha mkutano wa kuamua kama wakae au waondoke. Ilibaki kubishana nao kama jirani anavyobishana na jirani.

Pale ambapo serikali ndiyo iliyochagua mahali, mambo yaliharibika. Mpango wa kununua shamba Mau Narok kwa ajili ya waliofurushwa uliwakuta Wamaasai waliodai kwamba ardhi hiyo ni yao tangu kabla ya walowezi, na kwamba haki yao haiwezi kuzikwa chini ya haki ya mwingine. Desemba 2010 mwanaharakati wao, Moses ole Mpoe, alipigwa risasi Nakuru akafa pamoja na mwenzake. Ni vigumu kusoma habari hiyo bila kukumbuka mkataba wa 1904. Waliohamishwa miaka mia moja iliyopita na waliohamishwa 2008 waliwekwa wakabiliane juu ya shamba moja, huku waliofaidika na uhamisho wa kwanza hawamo chumbani.

Bunge liliyaona hayo. Sheria ya 2012 kuhusu wakimbizi wa ndani, iliyotokana na kamati iliyoongozwa na Ekwee Ethuro, inawataja katika jina lake jamii zilizoathirika pia, wakiwemo majirani wanaowapokea. Kimsingi sheria hiyo inataka wanaohamishwa washauriwe, na wanaowapokea nao washauriwe. Katika vitabu vya sheria vya Kenya, kabla yake hakukuwa na kitu cha kulinganisha nayo.

Ila sheria hiyo haimgusi mtoto anayelala nje ya duka katika kituo cha mabasi cha Nakuru. Hesabu ya kitaifa ya 2018 iliwapata watu 46,639 wanaoishi mitaani Kenya nzima, na zaidi kidogo ya 2,000 kati yao Nakuru. Wafanyabiashara walilalamika, na si bure: mwenye kibanda huibiwa, na kinyesi mlangoni asubuhi ni mzigo wa kweli. Lakini kila kituo cha kuwalea kilipotajwa, mtaa uliotajwa ulikuwa na sababu ya kupendekeza mtaa mwingine. Februari 2019 ikafichuka kwamba makumi ya watu wa mitaani walikuwa wamekamatwa Nakuru usiku, wakapakiwa kwenye gari na kutupwa katika msitu wa Chemususu, kaunti ya Baringo, mahali pa baridi kali, watoto wakiwemo. Askari wa kaunti ndio walionyoshewa kidole. Watetezi wa haki walipaza sauti, gavana Lee Kinyanjui akaunda kamati ya uchunguzi, na Seneti nayo ikafuatilia. Kati ya Maela na Chemususu kuna miaka 24, na katika visa vyote viwili waliopakiwa hawakuwahi kukalishwa kikaoni na wale waliowalalamikia.

Siku hizi anayetaka kufungua makao ya watoto Milimani au Kiamunyi hapiti njia ya giza. Sheria ya mipango ya ardhi ya 2019 inamtaka aombe kibali cha kubadilisha matumizi ya ploti na kulitangaza ombi lake, ili jirani mwenye pingamizi aliandike. Asiyeridhika ana kamati ya rufaa ya kaunti, na juu yake Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliyoko Nakuru. Utaratibu huu ni bora mara nyingi kuliko lori, kwa maana unamlazimisha anayepinga ataje sababu kwa jina lake: maji taka, magari, kelele, usalama wa watoto wenyewe. Udhaifu wake ni kwamba anayetambuliwa kwa urahisi ni mwenye ploti. Mtoto atakayelala humo hana ploti, kwa hiyo hana fomu ya kujaza.

Wakati huohuo serikali imegeuza mwelekeo. Novemba 2017 ilisimamisha usajili wa makao mapya ya watoto. Sheria ya Watoto ya 2022 na mkakati wa miaka kumi ulioanza mwaka huo, unaofika 2032, vinataka watoto watoke kwenye makao makubwa walelewe na jamaa, na wasio na jamaa wapate familia za kuwapokea. Hilo likifanyika kama lilivyoandikwa, hakutakuwa na kiwanja kimoja cha kubishania, wala bango la kupinga. Mayatima wa Nakuru watakuwa Shabab, Section 58, Kaptembwa na Milimani, nyumba moja hapa na nyingine pale, na jirani atakayegongewa mlango na afisa wa watoto ataulizwa kuhusu chumba chake mwenyewe.